Siku ya Kuvua Sare



Askari huvaa sare kwa amri na huivua kwa amri. Katika miaka iliyo kati ya siku hizo mbili, mambo mengi huamuliwa kwa niaba yake: mahali pa kulala, saa ya kuamka, kituo cha kazi, na hata siku ya kwenda kuwaona wazazi. Lakini uko uamuzi mmoja ambao hakuna kamanda atakayemfanyia, nao ni huu: kuomba kustaafu mapema angali ana nguvu, au kuendelea na kazi mpaka sheria imtoe. Na kwa kuwa hakuzoezwa kuamua peke yake jambo kubwa kama hilo, askari wengine huliahirisha hata siku ikawakuta hawana nyumba; na wengine huliamua kwa usiku mmoja, kwa hasira au kwa tamaa, wakaja kujuta kwa miaka mingi.

Chukua mfano wa sajini wa polisi. Jina lake halina haja, kwa maana wako wengi wa namna yake, na kila msikilizaji aliye kambini anaweza kumtaja mmoja wao. Kituo chake cha kazi ni Mbale, chini ya Mlima Elgon. Kwao ni Buwenge, katika njia itokayo Jinja kwenda Kamuli. Ana umri wa miaka 46, na ametumikia miaka 20 kamili. Ana mke na watoto watano, wawili wao wako shule ya sekondari. Wote hukaa katika nyumba ya kambi, ambayo si yake, na ambayo ataikabidhi siku atakayokabidhi sare. Magoti yameanza kumuuma kwa sababu ya malindo ya usiku. Vijana aliowafundisha kushika bunduki sasa wana nyota mabegani, na asubuhi huwapigia saluti.

Sajini huyo alipokwenda likizo Buwenge alikuta mambo ya kumtia mtu mawazo. Tangu kutoka Jinja, miwa imesimama pande zote mbili za njia, na matrekta yanapita na matela yaliyojaa mpaka juu. Jirani yake, ambaye hakuvaa sare hata siku moja, alikuwa amemaliza nyumba ya matofali na kuipaka rangi. Ndugu zake walimwuliza, nusu kwa mzaha, ataendelea kulinda mali za watu wengine mpaka lini. Usiku ule sajini hakupata usingizi. Alichukua daftari la mtoto, akawasha taa, akaanza kupiga hesabu.

Hesabu hiyo inastahili kuelezwa, kwa kuwa askari wengi huizungumza bila kuijua. Sheria ya pensheni ya watumishi wa serikali nchini Uganda ina milango miwili. Mlango wa mwisho ni umri wa miaka 60; hapo mtumishi hutoka, apende asipende. Mlango wa kwanza humfungukia aliyetimiza umri wa miaka 45 na kutumikia si chini ya miaka 10. Huyo anaweza kuomba kustaafu mapema na kupata haki zake. Polisi wamo katika utaratibu huo. Jeshini utaratibu ni mwingine, maana umri wa kutoka hufuata cheo, na mwenye cheo cha chini hutangulia kutoka. Kwa hiyo askari wa jeshi ana nafasi ndogo zaidi ya kuchagua, na ana sababu kubwa zaidi ya kuanza kufikiri mapema.

Kwa miaka mingi pensheni ya mtumishi wa serikali imehesabiwa hivi: miezi yote ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 500. Jawabu lake ni pensheni kamili ya mwaka mmoja. Theluthi moja ya pensheni hiyo huzidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo mmoja, nacho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki hulipwa mwezi baada ya mwezi. Mstaafu akijaliwa kuishi zaidi ya miaka 15 baada ya kustaafu, hurudishiwa pensheni yake kamili.

Ili hesabu iwe nyepesi, na uchukuliwe mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi. Huo si mshahara wa cheo fulani. Ni tarakimu ya kufundishia tu. Kwa mwaka ni shilingi 6,000,000. Miaka 20 ni miezi 240. Pensheni kamili itakuwa shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Theluthi yake, ikizidishwa mara 15, inatoa kiinua mgongo cha shilingi 14,400,000. Na kila mwezi mstaafu atapokea shilingi 160,000.

Sajini alipofika kwenye tarakimu ya milioni 14 na laki 4, aliweka kalamu chini. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona fedha nyingi kiasi hicho mahali pamoja. Mara moja alianza kuzigawa: ekari mbili za miwa, pikipiki ya kubeba abiria, mabati ya nyumba, karo ya shule. Ile laki moja na elfu sitini ya kila mwezi hakuitazama mara ya pili.

Aliyeitazama ni mkewe. Mwanamke huyo, kama wake wengi wa kambini, ameuza mihogo ya kukaanga na maandazi mlangoni kwa miaka mingi, na hesabu za fedha ndogo anazijua vizuri kuliko mumewe. Alisoma daftari lile asubuhi, akauliza:

“Baba watoto, theluthi hii wanayokata, ni shilingi ngapi kwa mwezi?”

Sajini akahesabu. Ni shilingi 80,000.

“Na miaka 15 ina miezi mingapi?”

Ni miezi 180. Sajini akazidisha, na jawabu likawa zile zile 14,400,000.

“Basi hii si zawadi,” akasema mkewe. “Ni elfu themanini zako za kila mwezi, za miaka 15, unazipewa siku moja. Ukizila kwa mwaka mmoja umekula miaka 15.”

Neno hilo la mke wa sajini lingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kambi. Kiinua mgongo si bahati nasibu, wala si shukrani ya serikali juu ya pensheni. Ni sehemu ya pensheni yenyewe iliyotangulizwa. Mtu anayekipokea amekabidhiwa chakula cha miaka 15 katika gunia moja, na gunia hilo halina mlinzi isipokuwa yeye mwenyewe.

Sasa itazamwe hesabu ya pili. Sajini yule akiendelea na kazi miaka 10 zaidi, atakuwa na umri wa miaka 56 na miezi 360 ya utumishi. Kwa mshahara ule ule, bila nyongeza hata senti moja, kiinua mgongo kitakuwa shilingi 21,600,000, na pensheni ya kila mwezi shilingi 240,000 badala ya 160,000. Na katika miaka hiyo 10 atakuwa akipokea mshahara wake wote. Kwa upande wa tarakimu, basi, kukaa kuna faida, na hakuna haja ya kuficha.

Lakini maisha hayapimwi kwa tarakimu peke yake. Mwanamume wa miaka 46 anaweza kung'oa visiki, kuchimba kisima na kuwafundisha watoto wake kazi angali nao. Mwenye miaka 60 huenda akafika shambani kwa fimbo, na kukuta mpaka umesogezwa na watoto wamekwisha kutawanyika. Miaka 10 ya nguvu haina benki ya kuwekwa. Ndiyo maana wako askari ambao kwao kustaafu mapema ni jambo la busara kabisa, na haifai waitwe wavivu au watoro.

Suala hili halikuanza Buwenge. Tanzania ina umri wa kustaafu kwa hiari, miaka 55, na wa lazima, miaka 60. Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa serikali kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kuupandisha kutoka miaka 62 hadi 64, na wafanyakazi wakajaa barabarani kwa maandamano wiki baada ya wiki. Wafaransa wale walipigania kutoka mapema kwa sababu wengi wao wanategemea kuishi kwa pensheni yenyewe. Mkulima wa Busoga aliyevaa sare hana tegemeo la namna hiyo. Kwake pensheni ni fimbo ya kushikilia, wala si miguu. Miguu ni shamba, nyumba, mifugo, biashara na watu wa ukoo. Kwa hiyo swali la kwanza si umri gani, bali ni kama miguu hiyo ipo.

Uganda ina mafunzo yake yenyewe katika jambo hili. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 wa jeshi la NRA walipunguzwa kazini, chini ya Bodi ya Kuwasaidia Maaskari Waliostaafu. Walisafirishwa mpaka kwao na kupewa msaada wa kuanzia maisha: fedha, mabati, mbegu na majembe. Msaada ulikuwa wa aina moja, lakini matokeo hayakuwa ya aina moja. Aliyekuta kipande cha ardhi kinamngoja, na mke na ukoo waliomjua, aliezeka mabati yake akaanza kulima. Aliyetoka na begi peke yake, bila ardhi wala jamaa wa kumpokea, alipata taabu kubwa. Tofauti haikutokana na kile walichopewa siku ya kuagwa. Ilitokana na kile kilichokuwapo kabla ya siku hiyo.

Sajini wa Buwenge alimwendea mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa miongoni mwa hao wa mwaka 1993. Alimkuta chini ya mfenesi, akipura maharage.

“Mzee, nataka kustaafu nipande miwa,” akasema.

“Miwa utaipanda kwenye ardhi gani, afande?”

“Nitanunua nikipata kiinua mgongo.”

Mzee akaendelea na kazi yake kwa kitambo. Kisha akasema, “Sisi tuliporudi, kila mtu alikuwa na mpango. Mpango wangu ulikuwa migomba hii, niliipanda nikiwa likizo miaka mitatu kabla. Wenzangu mipango yao ilikuwa inangoja fedha. Fedha zilipofika zilikuta wageni wengi kuliko kazi.”

Ni vizuri kuieleza miwa yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi wanaorudi Busoga. Kiwanda cha Kakira kimesaga miwa tangu mwaka 1930, na katika miaka ya karibuni viwanda vingine vimeongezeka katika Busoga. Mkulima mwenye ardhi ya kutosha, mkataba na subira anaweza kufaidika. Lakini mmea huo hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuvunwa mara ya kwanza. Katika muda huo wote hakuna mshahara unaoingia, na palizi haingoji. Miwa ikiisha kukatwa haiwekwi ghalani kama mahindi. Ikichelewa kufika kiwandani hukauka na kupoteza uzito, na mkulima hulipwa kwa uzito. Bei nayo hupanda na kushuka, na mkulima mdogo hana sauti kubwa mbele ya mzani. Mwaka 2020 ilitungwa sheria mpya ya sukari, kwa sababu mivutano katika biashara hiyo ilikuwa mingi. Tena liko jambo la chakula. Nyumba nyingi za Busoga zilizopanda miwa mpaka mlangoni zimejikuta zikinunua viazi na mahindi sokoni, vitu ambavyo zamani zilivilima zenyewe. Mstaafu mwenye shilingi 160,000 kwa mwezi akinunua kila kinacholiwa, hatafika tarehe 15.

Kutokana na hayo yote linapatikana jambo moja la kushika. Mpango unaongoja kiinua mgongo ili uanze, bado si mpango. Ni tamaa iliyoandikwa kwenye karatasi. Askari aliye tayari kustaafu mapema ni yule ambaye shamba lake, duka lake au ufundi wake umekwisha kuanza kutoa kitu, hata kama ni kidogo, angali kazini. Kwake kiinua mgongo kitakuwa mbolea juu ya mmea ulioota. Na askari ambaye hana hata mche mmoja ardhini, hata akiwa na umri wa miaka 50, afadhali akae, lakini akae akipanda, wala asikae akingoja.

Yako majaribio mawili ambayo kila askari anaweza kuyafanya bila kuomba ruhusa ya mtu. La kwanza ni kuishi kwa miezi sita kwa kiasi kile kile cha pensheni atakayopata, na kuweka akiba mshahara unaobaki. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Havikuundwa kwa kukopa tu. Nyumba ikishindwa kwa mwezi wa pili, bora ishindwe sasa, mshahara ungali unakuja. La pili ni kuitumia likizo ya mwaka kwa kazi ile anayokusudia kuifanya baada ya kustaafu. Anayetaka kulima alime likizo nzima. Anayetaka duka asimame dukani. Wengi wataona wanayapenda mambo hayo. Na baadhi wataona kwamba walichokuwa wakikitaka kilikuwa mapumziko, na mapumziko hutibiwa kwa likizo.

Madeni nayo yasisahauliwe. Deni lisilolipwa kabla ya kuvua sare humfuata mtu mpaka kijijini, na huko halina mshahara wa kukatwa. Karatasi pia ni kazi ya mapema: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, na tarehe ya kuzaliwa iliyo sawa katika kila hati na katika kitambulisho cha taifa. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 254, inasema kwamba pensheni ilipwe upesi, kwa utaratibu wa kudumu, na kwa njia iliyo rahisi kwa mstaafu. Lakini kashfa ya wastaafu hewa iliyofichuliwa mwaka 2012 iliwafundisha wote kwamba jina la kweli nalo huhitaji ushahidi. Mstaafu aliyepoteza barua yake ya mwaka wa kwanza huenda akapanda basi mara nyingi kwenda kuitafuta.

Na kuacha kazi si kustaafu. Askari anayetoroka, au anayejiuzulu kwa hasira kabla ya kutimiza masharti, huihatarisha pensheni yake yote. Ugomvi wa siku moja na afisa mmoja haufai kulipiwa kwa miaka 20 ya utumishi.

Liko pia jambo la heshima, ambalo askari hawapendi kulizungumza. Mtu aliyeitwa “afande” kwa miaka 20 huona ugumu kuitwa kwa jina lake tu katika foleni ya kisima. Wengine hukaa kazini kwa ajili hiyo peke yake, wakiwa wamechoka, wakiwazibia njia vijana. Kukaa kwa sababu ya kuogopa nje hakulijengi jeshi wala polisi. Mwaka 2022 hata majenerali kadhaa wa UPDF waliagwa rasmi wakaenda zao nyumbani. Sare ni ya taifa, na kila aliyeivaa ameazimwa. Wakati huo huo, mwenye ujuzi ambaye angali na afya, anayeipenda kazi na anayewafundisha vijana, asione haya kuendelea mpaka mwisho. Taifa linamhitaji, na kila mwezi anaoukaa unahesabiwa katika pensheni yake.

Sajini wa Buwenge alirudi Mbale likizo ilipokwisha, kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Barua ya kuomba kustaafu aliyokwisha kuiandika ilibaki mfukoni. Alikuwa amekubaliana na mkewe kwamba mwaka ujao mama na watoto wadogo watahamia Buwenge, kwenye robo tatu ya ekari aliyoachiwa na baba yake, wapande kahawa, migomba na viazi, na biashara ya maandazi iendelee huko huko penye kituo cha magari. Miwa waliiweka kando. Tarehe ya kustaafu waliiandika nyuma ya daftari lile lile: miaka minne kutoka siku hiyo, mtoto wa pili atakapokuwa amemaliza sekondari. Chini yake mkewe akaongeza kwa mkono wake sharti moja, kwamba kama kahawa haijazaa, tarehe isogezwe.

Huo ni uamuzi wa nyumba moja. Nyumba nyingine itaamua vingine, na huenda ikawa na haki. Kila askari aliye kazini leo, wa jeshi au wa polisi, na ajiulize: siku amri ya kuvua sare itakapokuja, au siku atakapoiomba mwenyewe, itamkuta amesimama juu ya nini? Jawabu la swali hilo hulimwa na kujengwa kidogo kidogo, na wakati wake ni sasa, angali katika gwaride.